Majina Juu ya Mapaa

Rubani wa Marekani aliyepotea njia katika miaka ya 1920 alikuwa na dawa moja ya uhakika: kushuka chini asome. Aliifuata reli mpaka ikamfikisha stesheni, akapita karibu kabisa na paa la jengo, akalisoma jina la mji kwenye ubao uliotundikwa kwa ajili ya abiria wa treni. Ubao ukiwa umefutika, au moshi wa garimoshi ukiuziba, alitafuta konde tambarare, akatua, akamuuliza mkulima. Ramani alizobeba nyingi zilichorwa kwa watu wa barabarani. Redio hakuwa nayo. Dira alikuwa nayo, lakini dira humwonyesha mtu anakoelekea, alipo haimwonyeshi.

Ndiyo maana kazi ninayotaka kuisifu hapa ni kazi ya kupaka rangi mapaa. Desturi ya kuandika jina la mji juu ya paa, kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka angani, ilikuwapo hapa na pale. Lakini mpango wa nchi nzima, wenye bajeti ya serikali na ofisi yake, ulibuniwa na kuendeshwa na wanawake wachache, marubani, wa kizazi kilekile kilichoanzisha chama chenye jina la namba: Ninety-Nines, Tisini na Tisa. Chama hicho hutajwa karibu kila mara kwa sababu ya Amelia Earhart, rais wake wa kwanza, aliyepotea katika Pasifiki Julai 1937 na ambaye watu bado wanamtafuta. Sina ugomvi na Earhart. Naona tu kwamba anayetaka kukijua chama hiki aanzie juu ya mapaa.

Kabla ya mapaa kulikuwa na mashindano. Agosti 1929 wanawake 20 walishindana kuruka kutoka Santa Monica, California, hadi Cleveland, Ohio, kwa siku tisa, wakitua na kulala njiani. Mchekeshaji Will Rogers aliyabandika mashindano hayo jina la utani la kidude cha kujipakia poda usoni, na jina likaganda. Yaliyotokea njiani hayakuwa na poda ndani yake. Marvel Crosson alianguka na kufa Arizona. Pancho Barnes alifuata reli isiyo yake akajikuta Mexico. Blanche Noyes alisikia harufu ya moto nyuma yake angani, akatua nyikani magharibi mwa Texas, akauzima kwa mchanga, akaruka tena. Baada ya kifo cha Crosson, tajiri wa mafuta Erle Halliburton alitaka mashindano yasimamishwe. Marubani walikataa, wakaendelea. Louise Thaden alishinda daraja la ndege nzito, Phoebe Omlie daraja la ndege nyepesi. Wanaume walikuwa wakifa kwenye mashindano ya ndege kila mwaka, na sijapata kusoma kwamba tajiri yeyote alitaka wanaume wote washushwe chini.

Huko Cleveland, chini ya jukwaa la watazamaji, baadhi yao walizungumza juu ya kuwa na umoja. Tarehe 9 Oktoba barua iliyotiwa saini na wanne, wakiwamo Fay Gillis na Neva Paris, ilitumwa kwa wanawake wote wenye leseni ya urubani Marekani. Walikuwa 117. Tarehe 2 Novemba 1929 wakafika 26 katika banda la ndege la uwanja wa Curtiss, Valley Stream, nje kidogo ya jiji la New York. Upande mmoja wa banda mafundi walikuwa wakiijaribu injini, ikabidi watu wapige kelele ili wasikike. Chai iliandaliwa juu ya kitoroli cha kubebea spana na bisibisi.

Aliyewahi kukaa katika kikao cha kwanza cha kikundi cha akina mama, kiwe cha upatu, cha vikoba au cha kuzikana, atakitambua kikao kile hata kama hajawahi kupanda ndege. Kuna chai, kuna karatasi ya majina, kuna anayeuliza ada ni kiasi gani, na kuna mjadala wa jina la kikundi unaokula muda kuliko mambo yote mengine. Hapo Curtiss yalipendekezwa majina ya ndege wa porini, ya njiwa, ya mimea inayotambaa. Kila moja lilimfurahisha mmoja na kumkera mwenzake. Ndipo likaja wazo la kukiita chama kwa idadi ya watakaojiunga mwanzoni. Idadi ikawa 86, ikapanda kuwa 97, ikatua kwenye 99. Jina halikumtaja shujaa wala kupamba uanamke. Lilihesabu waliokuwapo, basi.

Januari 1930 Neva Paris, mmoja wa wanne wa ile barua, alikufa katika ajali ya ndege. Chama kilikuwa na umri wa miezi miwili na bado hakijamchagua rais. Uchaguzi uliomweka Earhart ulikuja mwaka 1931. Marubani wa siku zile walizikana mapema, na nadhani hilo linaeleza kwa nini chama hiki hakikuwahi kuwa klabu ya kunywa chai tu, ingawa chai ilikuwapo.

Tatizo lao kubwa halikuwa leseni. Lilikuwa ajira. Helen Richey alijiunga na kampuni ya Central Airlines mwisho wa mwaka 1934 akiwa rubani wa abiria, mwanamke wa kwanza kupata kazi hiyo katika kampuni ya Marekani yenye safari za ratiba. Chama cha marubani wanaume kilikataa kumpokea. Wakubwa wa anga serikalini walishauri asiruke hali ya hewa ikiwa mbaya. Akabaki kuonyeshwa kwa waandishi wa habari na kupewa safari chache, na mwaka 1935 akaacha. Baada yake ilichukua miaka 38, hadi 1973, kabla kampuni kubwa ya ndege nchini humo haijamwajiri tena mwanamke kama rubani wa kudumu: Emily Howell Warner, wa Frontier. Richey hakuiona siku hiyo. Alikufa New York Januari 1947, akiwa na umri wa miaka 37, vita vimekwisha na kazi za urubani zimerudi kwa wanaume.

Alipoachana na Central, kazi aliyoipata Richey ilikuwa ya mapaa.

Phoebe Omlie alikuwa amemrusha huku na huko mjumbe wa kampeni ya urais ya Franklin Roosevelt mwaka 1932, na ushindi ulipopatikana akapewa cheo katika taasisi ya serikali ya utafiti wa anga. Alikitumia cheo hicho kuisukuma Idara ya Biashara ya Anga ianzishe mpango wa taifa wa alama za angani. Kila baada ya maili 15 hivi, yaani kama kilomita 24, jina la mji ulio karibu liandikwe kwenye paa linaloonekana zaidi: ghala, kiwanda, banda la ng'ombe, tangi la maji. Pembeni uwepo mshale wa kuelekeza kaskazini, na mwingine wa kuelekeza uwanja wa ndege ulio karibu. Thaden aliajiriwa, pamoja na Richey, Helen MacCloskey na Nancy Harkness. Kila mmoja alipewa majimbo yake, akaruka mji hadi mji kumshawishi meya, mwenye ghala, chama cha wafanyabiashara. Kazi ilikuwa ya maneno zaidi kuliko ya usukani. Kumwambia mtu aliyejenga ghala kwa jasho lake kwamba unataka kuandika juu yake kwa faida ya watu wasiosimama hata kununua soda kunahitaji ulimi.

Fedha za utekelezaji zilitoka katika miradi ya Roosevelt ya kuwapa watu kazi wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi. Kwa hiyo wanaume waliokosa ajira walilipwa kupanda mapaa na kupaka herufi kwa maelekezo ya wanawake ambao kampuni za ndege hazikutaka kuwaajiri. Sijui kama kuna yeyote kati yao aliyecheka. Katikati ya mwaka 1936 mpango ulikuwa umefika majimbo 30, na alama zipatazo 16,000 zilikuwa zimeidhinishwa.

Mwaka huohuo Blanche Noyes, yule wa moto wa Texas, alijiunga na ofisi hiyo. Mumewe, rubani pia, alikuwa amekufa katika ajali Desemba 1935. Agosti 1936 mume wa Omlie naye alikufa, abiria katika ndege ya watu wengine, na Omlie akaondoka ofisini. Baada ya misiba hiyo miwili, mwezi uliofuata, lilitokea jambo ambalo wapenda historia ya ndege hulisimulia kwa furaha zaidi. Mashindano ya Bendix, ya kuvuka bara zima la Marekani, yaliwafungia wanawake mlango mwaka 1934. Ulipofunguliwa tena, Thaden na Noyes waliomba ruhusa kazini, wakaruka kutoka New York tarehe 4 Septemba 1936 kwa ndege ya kawaida ya Beechcraft, wakafika Los Angeles baada ya saa 14 na dakika 55. Walidhani wamechelewa. Walikuwa wa kwanza. Wenye mashindano walikuwa wametenga dola 2,500 kwa mwanamke atakayewatangulia wanawake wenzake, aina ya pole ya mapema. Thaden aliichukua hiyo pamoja na dola 4,500 za mshindi wa wote.

Jioni ya tarehe hiyohiyo, upande wa pili wa Atlantiki, Beryl Markham, aliyekulia Njoro na kuruka kwa kulipwa katika anga ya Kenya, alipaa peke yake kutoka Abingdon, Uingereza, akielekea magharibi upepo ukimpiga usoni. Kesho yake injini ilizimika kwa kukosa mafuta akatua kwenye matope ya Nova Scotia, pua ya ndege ikazama, yeye akatoka na jeraha la kichwa. Magazeti ya wiki hiyo yalikuwa na wanawake watatu wa kuandika habari zao. Wawili kati yao walirudi ofisini kushughulikia mapaa.

Kisha vikaja vita. Baada ya shambulio la Pearl Harbor, Desemba 1941, serikali iliona kwamba alama zile zingemsaidia adui kama zinavyomsaidia mwenyeji. Zote zilizokuwa ndani ya maili 150 kutoka pwani zilitakiwa kufutwa. Blanche Noyes, ambaye sasa alikuwa msimamizi wa mpango, alipewa kazi hiyo. Zilikuwa kama 13,000. Alitumia miaka kuwabembeleza wenye mapaa wakubali maandishi. Sasa akatumia ulimi uleule kuwaomba wayafute. Vita vilipokwisha akaanza upya kuyarudisha, akiongeza alama kwenye viwanja vya ndege vyenyewe, na akaendelea na kazi ya alama serikalini kwa miaka mingi baadaye. Katika maisha yote ya chama hiki sioni kisa kinachoonyesha tabia ya utumishi kuliko hiki. Rekodi ya mwendo kasi huvunjwa na anayekuja nyuma. Noyes aliamriwa aibomoe yake kwa mkono wake, akaibomoa vizuri, kwa orodha.

Hata hivyo, wale 117 wa barua ya 1929 hawakuwa wanawake wote waliotaka kuruka. Walikuwa wale waliopata mwalimu wa kuwafundisha na fedha za kumlipa. Bessie Coleman, binti wa wakulima wa Texas, hakupata shule ya Marekani iliyokubali kumfundisha mwanamke mweusi. Alijifunza Kifaransa, akaenda Ufaransa, akapata leseni yake Juni 1921. Alikufa 1926, miaka mitatu kabla ya barua. Chicago, wanaume na wanawake weusi waliofukuzwa viwanjani walijenga uwanja wao wenyewe katika kijiji cha Robbins mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ndege ya kikundi chao ilinunuliwa na muuguzi, Janet Harmon Bragg, kwa dola 600 za mshahara wake. Vita vilipofika, Jacqueline Cochran, rais wa Tisini na Tisa kuanzia 1941 hadi 1943, ndiye aliyeongoza marubani wanawake wa jeshi la anga, walioitwa WASP: 1,074 walihitimu, 38 walikufa kazini, na bado wakahesabiwa raia wa kawaida hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1977. Bragg aliomba kujiunga nao akakataliwa kwa rangi yake. Alikwenda shule ya urubani ya Tuskegee akafaulu mtihani wa leseni ya urubani wa kibiashara; mtahini akakataa kumpa leseni. Akarudi Chicago, akafanya tena, akaipata.

Sisemi haya ili kuwahukumu wanachama 99 kwa macho ya leo. Nayasema kwa sababu kazi ya jamii ina tabia ya kuuliza jamii ipi. Paa la Robbins lilisomeka kutoka angani kama paa lolote, lakini orodha ya waalikwa haikufika huko. Bragg naye alikuwa na jamii yake: baada ya vita aliwafungulia nyumba yake wanafunzi wa Ethiopia waliosoma Chicago, na mwaka 1955 akaitembelea nchi yao kwa mwaliko wa Mfalme Haile Selassie.

Siku hizi chama kina maelfu ya wanachama katika nchi nyingi, na kazi zake ni nyingi kiasi cha kuchosha msomaji nikizitaja zote. Mfuko wa masomo wa jina la Earhart ulitoa msaada wake wa kwanza mwaka 1941 na bado unawalipia wanawake saa za mafunzo. Huko Ontario, Kanada, mwaka 1978 wanachama walianza kuruka na maofisa wa mazingira kutafuta uchafuzi wa mito na utupaji wa taka usiokubalika. Matawi ya Marekani yalizoea kuchangisha kwa njia ninayoipenda kuliko zote: mtu anapandishwa kwenye mizani, analipa senti moja kwa kila ratili ya uzito wake, anazungushwa juu ya mji wake kwa dakika chache. Mnene alichangia zaidi, na alikuwa na haki ya kujisifu.

Na rangi bado ipo. Majina ya viwanja hupakwa na kupakwa tena, lakini kazi yenye ufundi zaidi ni lile duara kubwa la dira linalochorwa kwenye sakafu ya saruji, mbali na mabanda na vyuma. Ndege yenyewe huidanganya dira yake: injini, nyaya za umeme, redio, hata bisibisi iliyosahauliwa mfukoni, vyote vina nguvu ya sumaku. Rubani au fundi huiweka ndege katikati ya duara, akaigeuza kila nyuzi 30, akalinganisha kile dira inachosema na kile mstari wa rangi unachosema. Hurekebisha visumaku vidogo kwa bisibisi ya shaba isiyovutwa na sumaku. Makosa yanayobaki huandikwa kwenye kadi ndogo inayobandikwa kando ya dira. Wanaochora duara hilo, katika viwanja vingi vidogo vya Marekani, ni tawi la Tisini na Tisa: Jumamosi, kamba, chaki, roli za rangi, magoti kwenye saruji ya moto. Uwanja au mfadhili hutoa rangi. Nguvu ni za bure.

Hapo pa bure napata kinyongo. Thaden, Richey na Noyes walilipwa mshahara na serikali kwa kazi ya alama. Wajukuu wao hufanya kazi ya ukoo huohuo wikendi, na husifiwa kwa moyo wa kujitolea. Moyo ni wa kweli, sina shaka. Lakini kila ninaposikia kikundi cha wanawake kikisifiwa hivyo, huangalia kwanza ni nani aliyeacha kulipa.

Kwetu Afrika Mashariki tuna udhaifu mwingine: tunapenda wa kwanza. Irene Koki Mutungi, rubani wa kwanza mwanamke wa Kenya Airways, na baadaye mwanamke wa kwanza Afrika kuthibitishwa kuwa kapteni wa Boeing 787, anastahili kila kichwa cha habari alichopewa. Tatizo la wa kwanza ni kwamba gazeti halina nafasi ya wa kumi na moja. Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya ndege Nairobi mwaka huohuo wa 1929. Uwanja wa Wilson unaitwa kwa jina lake, na watu wanaopanda ndege pale kila siku kwenda Lamu au Maasai Mara wengi humdhania Wilson kuwa bwana fulani wa Kiingereza. Jina liko ukutani, na bado halisomeki.

Kijana mwenye simu ataniuliza duara la rangi lina faida gani wakati setilaiti zinamwonyesha rubani alipo hadi hatua chache. Ni swali la haki, na jibu lake ni la kisheria kabla ya kuwa la kimapenzi: kanuni za Marekani zinadai hata ndege ndogo ibebe dira ya sumaku, kwa sababu umeme ukikatika dira haikatiki. Tena kaskazini ya sumaku haitulii. Ncha yake imehama kutoka Kanada kuelekea Siberia, na kwa miaka kadhaa ilikwenda zaidi ya kilomita 50 kwa mwaka. Namba zile kubwa kwenye ncha za njia za kurukia, kama 18 na 36 kule Unguja au 05 na 23 Dar es Salaam, ni nyuzi za dira zilizogawanywa kwa kumi, nazo huzeeka. Uwanja wa Tampa, Florida, ulilazimika kubadilisha za kwake Januari 2011, 18 ikawa 19. Duara la dira lililopakwa miaka mingi iliyopita nalo linapotosha kidogo kidogo, hata kama rangi yake bado inang'aa. Meneja wa uwanja anayejua kazi yake hulipima upya, akiona limepitwa humtafuta katibu wa tawi, na tawi linapanga Jumamosi nyingine.